Kutoka Karakana ya Chuo hadi Barabara ya 13, Ulyankulu: Mwongozo wa Kuvusha Ubunifu Wako

Mwongozo huu ni wako wewe unayesoma, au uliyemaliza, uhandisi, kilimo, misitu au kompyuta chuo kikuu, na una kifaa, mbegu au programu unayoamini ingewafaa watu wa Ulyankulu, wilayani Kaliua, mkoani Tabora. Ni wako pia wewe fundi au mfugaji nyuki uliyebaki kijijini ukaunda kitu ambacho chuo hakijawahi kukifikiria. Sehemu yako iko mwishoni, ila usiruke za katikati.

Ubunifu mwingi wa vyuoni haufi kwa kukosa akili, na mara nyingi haufi hata kwa kukosa fedha. Unakufa kwa sababu mambo yamefanywa kinyumenyume: kifaa kimeonyeshwa kabla ya kulindwa, kampuni imesajiliwa kabla mtumiaji hata mmoja hajakigusa, na suala la nani mwenye mali limeulizwa siku mnunuzi alipotokea. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa makusudi. Zifuate zilivyo.

Kwanza, kwa nini uanze na mtumiaji

Eneo hili limeshaonja teknolojia ya kuletwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Urambo, jirani zenu, ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Kongwa udongo ulikauka hata jembe likashindwa kuingia, mvua zikakosekana, mashine zikaharibika na vipuri viko ng'ambo. Mwaka 1951 mpango ulifutwa ukiwa umemeza kiasi cha pauni milioni 36.

Sasa tazama miembe na mpunga. Vyote vilifika Unyamwezi na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani, bila semina wala mtaalamu, na vipo hadi leo. Mkulima aliweza kupanda kokwa mwenyewe, kumgawia jirani, na mche ukifa akapanda mwingine bila kumwomba mtu ruhusa. Trekta lilimsubiri fundi wa kigeni. Unapobuni, jiulize kifaa chako kiko upande gani.

Hatua ya 1: Chagua tatizo lenye mwenyewe

Tatizo lenye mwenyewe ni lile ambalo mtu tayari analitolea fedha, jasho au usingizi. Ulyankulu matatizo ya namna hiyo hayatafutwi kwa tochi. Chukua bani la tumbaku. Majani ya tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa kuni kwa siku tano hadi saba mfululizo: kwanza joto la nyuzi 32 hadi 38 hivi ili jani ligeuke njano, kisha linapandishwa taratibu, na mwisho linafika karibu 70 ili uti wa jani nao ukauke. Moto ukizidi mapema, jani linageuka kahawia na bei inaanguka. Ukizembea, jani linaoza. Kwa hiyo mtu analala nje ya bani, anaamka saa nane usiku kusukuma gogo, huku miombo ikizidi kupungua mwaka hadi mwaka.

Mwanafunzi wa kompyuta akisikia hayo anawaza haraka kuweka kipima joto kinachotuma ujumbe kwenye simu. Wazo si baya. Lakini uliza: saa hiyo mtandao upo? Simu ina chaji? Na huyo mtu aliyelala hatua tatu kutoka kwenye tanuri anahitaji ujumbe, au anahitaji tanuri linaloshika moto kwa saa sita bila kuguswa? Mara nyingi jibu ni tanuri. Halina mvuto kwenye mabango ya maonyesho, ila ndilo litakalonunuliwa.

Fanya hivi:

1. Kaa na watumiaji wasiopungua watano wakiwa kazini, usiwakutanishe kwenye kikao. Kikaoni watu hukujibu unachotaka kusikia.
2. Andika wanachotumia sasa, kimegharimu kiasi gani, na kikiharibika nani anakitengeneza.
3. Uliza ni nani mwenye sauti ya kununua: baba, mama, chama cha msingi au kikundi. Anayetumia kifaa na anayekilipia huwa si mtu mmoja kila mara.

Hatua ya 2: Linganisha kalenda ya chuo na ya shamba

Hapa ndipo miradi mingi ya wanafunzi inapofia, na hakuna anayelisema. Fildi za wanafunzi wengi huangukia kati ya Julai na Septemba. Tumbaku hukaushwa masika, kuanzia Januari hivi. Ukifika na kifaa chako Agosti, mabani yamepoa, majani yameshauzwa, na mkulima atakuonyesha kwa maneno tu.

KISANDUKU: NAFASI ZAKO ZA KUJARIBU
• Ukaushaji wa tumbaku: masika. Omba msimamizi wako akuruhusu kwenda mara mbili kwa muda mfupi badala ya mara moja kwa muda mrefu.
• Asali: mavuno makubwa huja mvua zikishakatika, karibu na likizo yako. Kwa mwanafunzi, nyuki ni mradi rahisi kuliko tumbaku.
• Mbegu na udongo: lazima uwe tayari kabla ya mvua za Novemba. Ukichelewa wiki chache umepoteza mwaka.
• Barabara: masika, tope linaweza kukushusha garini njiani. Usipange kusafirisha mashine nzito Machi.

Hatua ya 3: Weka daftari

Nunua daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa, siyo zile za kuchomoa. Kila siku ya kazi andika tarehe, ulichofanya, mchoro, kilichoshindikana na nani alikuwepo. Mtu mwingine asiye mbunifu mwenzako asaini chini ya ukurasa mara kwa mara. Kukizuka ubishi wa nani alibuni nini, daftari hili litakutetea kuliko picha za simu. Litakusaidia pia kutenda haki: kama mzee wa mizinga ndiye aliyekuambia kwamba nyuki wanaukimbia mzinga ukiwa na harufu ya rangi, jina lake liandikwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Tafuta kama kipo tayari

Kabla ya kuchomelea chuma cha pili, tafuta kwenye kanzidata za hataza (patent) zilizo wazi bila malipo: PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO), Espacenet ya Ulaya na Google Patents. Baadhi ya vyuo vina vituo vya kusaidia utafutaji huu kupitia mtandao wa WIPO. Ulizia maktaba au kurugenzi ya utafiti.

Ukikuta kifaa chako kimeshabuniwa na mtu wa Brazil, usikunje mkeka. Hataza hulinda katika nchi ilikosajiliwa tu. Kama haikusajiliwa Tanzania, au muda wake umekwisha, unaruhusiwa kuitumia hapa, na maelezo yote ya kiufundi umepewa bure. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hazina kubwa kuliko zote kwa kijana wa Ulyankulu, na wachache wanaichota.

Hatua ya 5: Uliza mali ni ya nani

Uliza mapema, wakati hakuna fedha mezani na watu bado wanapendana. Majibu yanategemea mambo matatu:

1. Wewe ni nani chuoni. Mwajiriwa aliyebuni ndani ya kazi aliyoajiriwa, kwa kawaida haki ni ya mwajiri. Mwanafunzi si mwajiriwa, kwa hiyo hali yake huamuliwa na sera ya chuo na chochote alichosaini.
2. Fedha na vifaa vimetoka wapi. Kama maabara ni ya chuo na ruzuku ni ya mfadhili, soma mkataba wa mfadhili. Mara nyingi kuna kifungu kuhusu matokeo.
3. Nani alichangia wazo. Msimamizi aliyerekebisha insha yako si mbunifu. Msimamizi aliyegundua kwamba springi ya mashine ihamie juu, huyo ni mbunifu mwenzako.

Omba nakala ya sera ya miliki bunifu ya chuo chako. Vyuo vikubwa vinayo, na ndani yake kuna mgawanyo wa mapato kati ya mbunifu, idara na chuo. Usishangae mhadhiri wako akikuambia hajawahi kuisoma. Nenda kurugenzi ya utafiti au ofisi ya ubunifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha kuendeleza na kuhawilisha teknolojia katika ndaki yake ya uhandisi, na pia kituo cha ubunifu na ujasiriamali. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina ushirika wa wahitimu wajasiriamali, SUGECO. Ofisi hizi zipo kwa ajili yako.

Hatua ya 6: Linda kabla ya kuonyesha

Ubunifu ukishatangazwa hadharani unaweza kupoteza sifa ya kuwa mpya, na bila upya hakuna hataza. Hadharani ni pamoja na Wiki ya Utafiti chuoni, viwanja vya Nanenane Ipuli mjini Tabora, video ya TikTok na tasnifu iliyowekwa maktaba bila zuio. Ukilazimika kuonyesha, eleza kinafanya nini, usieleze kinafanyaje.

Ulinzi wenyewe una aina zake:

• Hataza: kwa kifaa au mchakato mpya. Kwa Tanzania Bara, maombi hupelekwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa pamoja, kuna ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu lenye makao Harare. Zanzibar ina wakala wake. Ukiwa umewasilisha ombi la kwanza Tanzania, una miezi 12 ya kuomba kwingine bila kupoteza tarehe yako.
• Alama ya biashara: jina na nembo, nayo ni BRELA.
• Hakimiliki: programu, vitabu vya maelekezo, michoro. Ofisi ni COSOTA.
• Haki ya mgunduzi wa mbegu: ina sheria yake ya mwaka 2012.
• Siri: kile usichomwambia mtu, kama uwiano wa mchanganyiko.

Niseme wazi kitu ambacho semina nyingi hazikisemi. Kwa mashine ya chuma inayoweza kufunguliwa na kupimwa kwa futi, hataza pekee haitakuokoa Ulyankulu. Fundi wa mnadani ataiangalia asubuhi na jioni ataanza kukata bati. Kesi utaifungulia wapi, na nani atalipa wakili? Kwa vifaa vya aina hii, alama ya biashara inayoaminika, vipuri vinavyopatikana na fundi aliyefunzwa vizuri hulinda soko lako kuliko cheti kilichotundikwa ukutani. Tunza fedha za hataza kwa kitu ambacho macho hayawezi kukinakili: kemikali, kichujio, mchakato.

Mfano uko karibu. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni kichujio cha maji kinachotumia chembe ndogo mno, kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kampuni yake, Gongali Model, ina jina la kijiji chake huko Karatu. Na hakusimama kwenye kuuza vichujio tu. Ulijengwa mfumo wa vituo ambako mjasiriamali anapata kichujio na kuuza maji safi kwa jirani zake. Jirani hana haja ya kujua ndani ya chombo kuna nini.

Hatua ya 7: Kifanyie mtihani mikononi mwa fundi wa pale

Chukua mashine ya kukamulia asali. Chuoni umeiunda kwa boliti za kipimo ambacho hakipatikani Kaliua. Imekata boliti moja, imekufa. Kwa hiyo kwanza zunguka maduka ya vifaa ya Ulyankulu, andika boliti, bearing na mabomba wanayouza, ndipo uchore.

Pili, chuma. Asali ina uchachu, inakula chuma cheusi na mabati, na asali yenyewe inabadilika rangi na ladha. Sehemu zote zinazoguswa na asali ziwe za chuma kisichoshika kutu. Itapandisha bei, usiibe hapo. Punguza kwenye miguu ya mashine na mpini.

Tatu, mwachie mtu mashine wiki mbili bila wewe kuwepo. Ukirudi, usimuulize kama ameipenda. Tazama imekaa wapi. Ikiwa stoo chini ya magunia, umeshapata jibu.

Ulyankulu kuna chuo cha VETA. Ongea na walimu wa uchomeleaji: wanafunzi wao ndio mafundi wa kesho wa kifaa chako, na kuwapa mchoro wa kutengeneza kipuri kimoja ni matangazo yasiyolipiwa. Kwa nyuki, Tabora mjini kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. Kwa kilimo mseto na miti, TARI Tumbi. Mashine za kilimo hupimwa na CAMARTEC, Arusha. Bidhaa ya chakula itakuhitaji TBS, na ukienda na barua ya utambulisho ya SIDO mkoa, mjasiriamali mdogo hupata nafuu.

Hatua ya 8: Chagua mlango wa kutokea

Milango ni mitatu. Unaweza kumpa leseni mtengenezaji, akulipe mrabaha kwa kila kifaa. Unaweza kufungua kampuni, chuo kikiwa na hisa au kikikupa leseni. Au unaweza kuachia michoro wazi na kuishi kwa mafunzo na vipuri. Wanafunzi wengi hukimbilia kampuni kwa sababu inapendeza kuitwa mkurugenzi. Kama huwezi kusimamia hesabu na wafanyakazi, leseni itakupa usingizi.

Kwenye mkataba wa leseni usikose: eneo, muda, kiasi cha mrabaha na unavyohesabiwa, haki ya kukagua vitabu, na kifungu kinachosema asipozalisha ndani ya muda fulani leseni inarudi. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika. Wapo wanaonunua leseni ili waifungie kabatini.

Fedha za kuanzia: Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia mfuko wa MTUSATE na huwaendeleza wabunifu wanaoibuliwa na MAKISATU, mashindano ya kitaifa yaliyoanza mwaka 2019. Mashindano hayo yana makundi kuanzia shule hadi vyuo vikuu na sekta isiyo rasmi. Halmashauri nayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni wa kuzalisha. Usiuchukue kwa majaribio ambayo bado yanaweza kufeli.

KISANDUKU: TAHADHARI YA MAJINA
Kusajili kampuni au jina la biashara BRELA kunahitaji namba ya NIDA. Familia nyingi za Ulyankulu zenye asili ya Burundi zilipokea vyeti vya uraia kuanzia mwaka 2014, baada ya kuishi hapa tangu 1972, na majina kwenye cheti cha uraia, cha kidato cha nne na NIDA hayafanani kila mara. Herufi moja inaweza kukurudisha nyuma wiki nyingi. Nyoosha majina sasa, kabla hujawa na mnunuzi anayesubiri.

Makosa yanayojirudia

✗ Kusaini karatasi ya mashindano bila kusoma kifungu cha haki. Baadhi ya waandaaji hujipa haki ya kutumia wazo lako.
✗ Kuhesabu zawadi kama mapato. Hundi ya jukwaani si mteja.
✗ Kuita kifaa "cha kijiji" kisha kukipachika bei ya Mlimani City.
✗ Kupeleka kifaa kimoja kizuri badala ya vitano vya kawaida. Kimoja hakikuambii kitu.
✗ Kuacha kila kitu kwenye barua pepe ya chuo, inayofungwa ukihitimu.
✗ Kudhani teknolojia ni lazima iwe ya chuma au kompyuta. Pale Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na nchi nyingine zimewahitaji.

Kagua kabla hujapanda basi la Tabora

☐ Daftari lina tarehe na saini
☐ Nimetafuta kwenye kanzidata za hataza na kuhifadhi nilichokuta
☐ Nina nakala ya sera ya miliki bunifu ya chuo
☐ Majina ya waliochangia yameandikwa, pamoja na wa kijijini
☐ Sijaonyesha siri ya kifaa hadharani
☐ Safari inaangukia msimu ambao kazi inafanyika
☐ Boliti zote zinapatikana Kaliua au Ulyankulu
☐ NIDA na vyeti vinasoma jina moja

Kwako wewe fundi na mfugaji uliyefuatwa na chuo

Siku moja watakuja vijana wenye fulana za chuo, wakuombe uwaonyeshe mzinga wako, tanuri lako, au dawa unayotumia. Wakaribishe, ila fuata utaratibu huu.

1. Omba barua ya utambulisho na kibali cha utafiti, na ujue mtendaji wa kijiji ana taarifa. Mtafiti wa kweli hakasiriki.
2. Uliza: mkipata kitu kutokana na haya, jina langu litaandikwa wapi? Jibu liwe kwenye karatasi, kwa Kiswahili, na nakala ibaki kwako.
3. Ukiwa umebuni kitu chako mwenyewe, usikifungue mbele yao siku ya kwanza. Onyesha kikifanya kazi. Picha ya ndani isubiri makubaliano.
4. Piga picha kifaa chako ukiwa umesimama nacho, andika tarehe, na nakala mwachie mtu unayemwamini.
5. Kama ni maarifa ya ukoo au ya wazee wengi, usisaini peke yako. Waite wenzako.
6. Usikubali kulipwa posho ya siku kama bei ya wazo. Posho ni ya muda wako. Wazo lina hesabu yake.

Chuo kikiwa mbali, anzia SIDO Tabora au kwa afisa biashara wa halmashauri Kaliua, na ulizia lini dirisha la MAKISATU la sekta isiyo rasmi linafunguliwa. Nenda na kifaa, daftari na kitambulisho. Mchoro wa ndani uache nyumbani.